UPEPO NI WETU, MAJI NI YETU: KINU TUKIUNDE WENYEWE

Ifikapo Januari na Februari kaskazi huvuma Unguja usiku na mchana. Huipinda minazi ya Matemwe, hurusha mchanga wa Jambiani, na hupenya hata katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Na katika miezi hiyo hiyo mkulima wetu husimama pembeni mwa tuta lake la nyanya akayatazama majani yakinyauka, kwa kuwa mvua ya vuli imekwisha na ya masika bado haijaja. Juu ya kichwa chake unapita upepo wenye nguvu. Chini ya miguu yake, pima chache tu ndani ya mawe, yapo maji. Baina ya upepo ule na maji yale hakuna kitu.

Kitu hicho kinachokosekana ndicho tunachotaka kukisema leo katika gazeti hili, na tunataka kukisema kwa uwazi ili asitokee mtu akatufahamu vingine. Hatusemi tuletewe mashine kutoka ng'ambo. Hatusemi tuandike barua kumwomba mfadhili. Tunasema kwamba upepo wa Unguja upandishe maji ya Unguja yakamwagie shamba la Unguja, na chombo cha kuifanya kazi hiyo kiundwe na mafundi wa Unguja. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lenye ubishi.

SOMO LA GIZANI

Ndugu zetu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta sababu. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulizimika Unguja, na haukurudi ila tarehe 18 Juni. Haukupita muda mrefu, Disemba 2009 ukazimika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Kisa ni kimoja: tokea mwaka 1980 kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mmoja uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kilomoni huko Bara mpaka Ras Fumba kwetu. Waya ulipopata maradhi, sote tukaugua.

Wengi hukumbuka taa na mafeni. Sisi tunakumbuka maji. Pampu zilisimama kwa kuwa zilikula umeme, na mifereji ikakauka. Akina mama wakarudi kwenye visima ambavyo mabibi zao waliviacha zamani, ndoo kichwani, foleni tokea alfajiri. Mwenye jenereta alichota mpaka mafuta yalipompiga chenga kwa bei na uhaba. Asiye na jenereta alingoja. Na mkulima aliyekuwa akimwagilia kwa pampu ya umeme aliuona msimu wake ukifa mbele ya macho yake, na hali kisima chake kimejaa.

Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 kwa fedha za Marekani. Waya huo ni kheri, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Lakini somo halikubadilika. Waya mpya nao unatoka upande wa pili wa bahari, na fedha zake zilitoka upande wa pili wa dunia. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema usipokee cha ndugu yako. Walisema usikitegemee peke yake. Katika jambo la maji ya shamba, ambalo ni jambo la chakula, sharti tuwe na njia moja iliyo mikononi mwetu wenyewe kuanzia msumari hadi kamba.

MAJIRA YETU YANA MPANGO

Kila mtoto wa pwani anajua kwamba mwaka wetu unagawika kwa upepo. Kaskazi huja Disemba ikakaa mpaka Machi. Kisha huja masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na upepo hugeuka. Kusi hushika na kuwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Halafu yanafuata maleleji, upepo haujui uelekee wapi, na kwenye Oktoba mpaka Disemba vuli hunyesha.

Sasa tazameni jambo ambalo tunapita juu yake kila mwaka bila ya kulitia akilini. Miezi ambayo mvua hukatika ndiyo miezi ambayo upepo huvuma. Miezi ambayo upepo hulegea na kugeukageuka ndiyo miezi ambayo mvua hunyesha na shamba halihitaji kumwagiliwa. Zipo nchi ambazo wakati wa ukame upepo nao hufa, na mkulima akabaki na kinu kisichozunguka na shamba lisilo na maji. Kwetu sisi viwili hivi vimepishana kama watu wa zamu. Mmoja akishuka kazini, mwenzake anapanda.

Upepo huu ndio ulioleta majahazi kutoka Maskat, Surat na Bombay, na ndio uliyoyarudisha. Mji Mkongwe wenyewe ulijengwa kwa biashara iliyobebwa na kaskazi na kusi. Meli za moshi zilipokuja tukauacha upepo ukapita bure. Leo wanaokumbuka thamani yake ni wageni. Nendeni Paje msimu ukiwa umeshika muone: watu wametoka Ulaya kwa ndege, wamekodi vyumba, wamekuja na matanga yao ya rangi, na upepo wetu unawavuta juu ya maji wakicheza. Hatuwaonei choyo, waje na karibu. Lakini hatua chache nyuma ya ufukwe ule ule yupo mwanamke anayemwagilia bustani yake kwa kopo. Upepo unaomchezesha mgeni ungetosha kumfanyia kazi mwenyeji.

HESABU ZAKE

Maneno matupu hayavunji mfupa, basi tuje kwenye hesabu.

Mboga katika hali ya hewa ya kwetu, wakati wa kiangazi, huhitaji kiasi cha milimita 5 za maji kwa siku. Kwa eka moja hiyo ni kama lita 20,000. Anayetumia ndoo ya lita 20 anahitaji ndoo 1,000 kila siku, kuzivuta kisimani na kuzipeleka mpaka kwenye tuta. Hakuna mtu awezaye hivyo. Ndiyo maana bustani zetu za kiangazi ni vijipande vya hatua chache, na ndiyo maana nyanya, vitunguu, kabichi na karoti hushuka Malindi zikitoka Bara, zikapandishwa magari kwenda Darajani, Mwanakwerekwe na mahoteli ya pwani. Fedha hizo zinapita mbele ya kijana wa Unguja asiye na kazi.

Sasa chukueni kinu cha upepo chenye upana wa mita 4 kutoka ncha hadi ncha. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao mvuvi wa ngalawa hauiti upepo mkali, ukipita katika duara hilo hubeba nguvu ya wati 480 hivi. Tuseme kinu kimeundwa kijijini, kina msuguano, pampu yake inavuja kidogo, kikapata sehemu moja tu katika kumi na mbili ya nguvu hiyo, yaani wati 40. Kikifanya kazi saa kumi kwa siku, kitapandisha lita 15,000 kutoka kina cha mita 10. Hizo ni ndoo 750. Kisima kikiwa na kina cha mita 5, maji huwa mara mbili.

Lita 15,000 zinatosha robo tatu za eka. Wengi wetu mashamba yetu ni eka tatu tatu, kama ardhi ilivyogawiwa wananchi baada ya mwaka 1964. Basi kinu kimoja cha kienyeji kinaweza kuishikilia robo ya shamba la namna hiyo ikawa ya kijani mwaka mzima. Hatusemi kitamwagilia Unguja yote. Tunasema kitamtoa mkulima mmoja kutoka kwenye vijituta vya ndoo mpaka kwenye bustani ya kuuza.

WALIOTANGULIA

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. La, ndugu zetu. Katika karne ya 10 msafiri mmoja wa Baghdad, al-Masudi, alisafiri kwa jahazi mpaka Qanbalu, kisiwa cha pwani hii ambacho wanachuoni wengi hukifikiria kuwa ni Pemba. Mtu huyo huyo aliandika pia khabari za Sistan, katika mipaka ya Uajemi, kwamba huko upepo huzungusha vinu na kupandisha maji ya kumwagilia mabustani. Basi zaidi ya miaka elfu imepita tangu mtu aliyekuwa akifahamu kinu cha upepo cha kumwagilia alipoikanyaga ardhi ya jirani zetu.

Katika kisiwa cha Crete huko Ugiriki, kwenye uwanda wa Lasithi, wakulima waliweka maelfu ya vinu vya kupandisha maji, na mbawa zake zilikuwa vitambaa, yaani matanga kama ya chombo. Miaka ya 1970 wamishionari waliokuwa kwenye Mto Omo, kusini ya Ethiopia, walianza na vinu vya chuma kutoka Marekani. Baadaye wakaiga vile vya matanga vya Crete, wakaviunda pale pale, wakaona ni rakhisi zaidi na vinawafaa wenyeji kumwagilia mboga na nafaka. Peter Fraenkel aliandika taarifa ya kazi hiyo mwaka 1975. Haikuchukua muda Arusha nayo ikawa na kinu chake, kilichobuniwa kiundwe kwa mabomba ya maji yanayouzwa madukani na kuungwa na fundi wa kawaida. Huko Thika, Kenya, karakana ya Bob Harries ikaunda vinu vya chuma ikaviita Kijito, vikatumika Kenya na nje yake.

Na wa karibu zaidi kwa umri ni William Kamkwamba wa Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa ada. Akaingia katika maktaba ndogo ya shule ya Wimbe, akasoma kitabu cha nguvu za umeme, akaokota fremu ya baiskeli, feni la trekta na mabomba ya plastiki, akasimamisha mnara wa miti. Filamu ya mwaka 2019 inaonyesha maji yakitoka moja kwa moja. Kwa kweli kinu chake cha mwanzo kiliwasha taa nyumbani kwao, na maji ya kumwagilia yalifuata baadaye. Lakini hilo halipunguzi kitu. Linaongeza, kwa sababu linaonyesha kwamba aliyeunda cha kwanza kwa mkono wake hushindwa na nini kuunda cha pili?

MAFUNDI TUNAO

Tunaulizwa: nani ataviunda? Tunajibu kwa methali yetu wenyewe: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nungwi mpaka leo wanaunda vyombo ufukweni kwa shoka, tezo na keekee. Mtu anayeweza kuinamisha mbao ya ubavu wa jahazi mpaka ikakaa bila ya kuvuja, atashindwa na gurudumu la matanga manane? Mtu anayejua kushona tanga likakamata upepo bila ya kuchanika, anayejua kufunga foromali na kulipunguza tanga upepo unapozidi, huyo tayari amekwisha kusoma nusu ya elimu ya kinu cha upepo. Ile nusu ya pili anayo fundi wa baiskeli na fundi wa kuchomea vyuma wa mjini.

Kinu tunachokisema kina sehemu nne. Ya kwanza ni mnara, wa miti ya mvinje iliyotiwa dawa ya mchwa au wa mabomba ya chuma, urefu wake upite miti iliyo karibu. Ya pili ni gurudumu, lenye miti sita au minane iliyotoka katikati, na kila mti una tanga la pembe tatu la turubai au marikani. Ya tatu ni ekseli, nayo yaweza kukaa juu ya beringi za gari kuukuu au juu ya vipande vya mti mgumu vilivyochemshwa katika mafuta. Ya nne ni pampu.

Katika pampu tunapendekeza ile ya kamba. Kamba imeunganishwa mwisho kwa mwisho kama mkufu, na kila baada ya mwendo mdogo ina kizibo cha mpira kilichokatwa kwenye tairi. Kamba hupita ndani ya bomba la plastiki lililoshuka kisimani, na gurudumu la juu likizunguka, kila kizibo hupanda na maji yake. Haina mlango wa kukwama wala springi ya kuvunjika. Kamba ikikatika huungwa. Kizibo kikilika hukatwa kingine. Hakuna kitu ndani yake ambacho hakipatikani dukani au jaani.

Na jengine ni hili. Vinu vya nchi nyingi vinahitaji mkia na kichwa cha kujigeuza kwa kuwa upepo wao hubadilika kila saa. Upepo wetu una nyumba mbili, ya kaskazi na ya kusi. Kichwa kinaweza kugeuzwa kwa mkono majira yanapogeuka, na kusawazishwa kidogo siku zinapohitaji, kama nahodha afanyavyo. Chombo kinakuwa chepesi, na khasara zake zinapungua.

KHATARI TUSIZIFICHE

Hatuandiki ili kumdanganya mtu. Mambo matatu lazima yasemwe.

Kwanza, upepo ukizidi maradufu nguvu yake huzidi mara nane. Kinu kinachokwenda polepole kwa mita 4 kitapigwa vibaya kwa mita 8 kama matanga yote yako wazi. Sharti awepo mtu wa kuyakunja, kama chombo kinavyokuwa na mtu wa demani. Kinu kisicho na mwenyewe huvunjika mwaka wa kwanza, na watu wakasema upepo haufai, kumbe aliyekuwa hafai ni yule aliyekiacha usiku wa dhoruba na matanga juu.

Pili, si kila pahala panafaa. Mashamba makubwa ya mpunga ya Cheju, Kibokwa na Kilombero yanahitaji maji mengi kuliko kinu kidogo kiwezavyo kutoa, na huko kazi ya mabwawa, mifereji na pampu kubwa iendelee. Mpango mkuu wa umwagiliaji wa mwaka 2003 uliona kwamba Zanzibar ina zaidi ya hekta 8,000 zinazofaa kumwagiliwa, na sehemu kubwa ni mabonde ya mpunga. Kinu cha upepo si mpinzani wa mpango huo. Pahala pake ni uwandani, katika ardhi ya mawe ya Kusini na Mashariki, penye visima vifupi, upepo wazi na bustani za nyanya, pilipili, bamia na matikiti. Ni wale wale ambao siku zote mipango mikubwa huwapita.

Tatu, na hili ndilo zito, maji matamu ya uwandani yameelea juu ya maji ya chumvi. Kisiwa chetu ni jiwe lenye matundu, na bahari iko chini yake. Kanuni yake inajulikana: ukiyashusha maji matamu mita moja, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita arubaini. Pampu kubwa ya mafuta au ya umeme, ikivuta kwa nguvu kisima kimoja, inaweza kuiita bahari ndani ya kisima, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi upesi. Kinu cha upepo kina fadhila ya kuvuta polepole, kidogo kidogo kutwa nzima. Lakini nacho kikiachwa kivute usiku kucha na maji yakamwagika ovyo, dhambi ni ile ile. Basi pawe na tangi la kupokea, likijaa matanga yakunjwe. Na kabla ya kusimamisha kinu, maji ya kisima yapimwe chumvi, na yapimwe tena kila majira. Kazi hiyo ni ya mamlaka ya maji, na wananchi wana haki ya kuidai.

WATASEMA JUA

Wapo wenzetu wenye nia njema watakaotuuliza: kwa nini upepo, na leo vibao vya jua vimeshuka bei? Suali hili ni la haki na tunalijibu bila ya kuzunguka.

Hatuupingi umeme wa jua. Pahala ambapo kijiji kina uwezo wa kununua vibao na pampu yake, na pana fundi wa kuvitengeneza, na vinunuliwe. Tena Kinyasini, tokea mwaka 2015, kipo chuo cha Barefoot kinachowafundisha akina mama wa vijijini, wengi wao bila ya elimu kubwa ya shule, kuwa mafundi wa umeme wa jua. Akina mama hao wamekata ulimi wa kila aliyesema kwamba mtu wa shamba hawezi mashine. Sisi tunawatoa mfano.

Lakini pana tofauti ambayo haionekani siku ya uzinduzi. Huonekana mwaka wa tano. Kibao cha jua, kidhibiti chake na mota ya pampu vimetengenezwa mbali. Kikifa kimoja, fundi wetu anaweza kukibadilisha, hawezi kukiunda. Anangoja meli, na mwenye duka ndiye anayeamua bei. Tanga likichanika asubuhi hushonwa kabla ya adhuhuri. Fedha iliyonunua kibao imekwenda ng'ambo siku ile ile. Fedha iliyojenga kinu imebaki kwa mchonga miti, mshona matanga, fundi wa vyuma na mwenye duka la kamba, na ujuzi umebaki kijijini. Isitoshe, jua na upepo si watu wa kugombanishwa. Usiku hakuna jua lakini kaskazi huvuma. Mwenye akili huwa na vyote viwili.

Watasema pia kwamba vinu vingi vya upepo Afrika Mashariki vimesimama vikiwa na kutu. Ni kweli, na tutazame sababu. Vingi viliwekwa na mtu wa nje, vikatengenezwa na mtu wa nje, na siku mtu huyo alipoondoka hakubaki mwenye spana wala mwenye ujuzi. Mfano huo unatuunga mkono badala ya kutupinga. Kilichokufa pale ni utegemezi, wala si upepo.

TUNALOTAKA LIFANYIKE

Ndugu zetu wanachama na wapenzi, gazeti halipandishi maji. Basi tunaweka mbele yenu kazi ambayo kila tawi linaweza kuikamata.

Tusianze na vinu mia. Tuanze na vitatu: kimoja Kusini, kimoja upande wa Kati na kimoja Kaskazini. Kila tawi lenye nia litafute pahala penye mambo matatu: upepo ulio wazi, kisima chenye maji matamu, na kikundi cha wakulima kilichokubaliana nani atakunja matanga na maji yatagawiwa vipi. Pasipo na la tatu, la kwanza na la pili ni bure. Mchango uwe wa wenyewe, wa fedha kwa mwenye fedha na wa nguvu kwa mwenye nguvu, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Chuo cha Karume cha Sayansi na Teknolojia kule Mbweni kina vijana wanaojua kuchora na kuchomea. Waombwe wakae pamoja na maseremala wa Nungwi, mkono kwa mkono, wachore kinu kimoja kinachowafaa watu wetu na kukiandika kwa Kiswahili chepesi, ili anayetaka kukiunda Uzi au Mkwajuni asihitaji kumwita mtu kutoka mjini. Wataalamu wa Kizimbani wawaongoze wakulima katika mazao na kipimo cha maji. Na Serikali, ambayo ni yetu sote, tunaitaka mambo mawili tu: ipime chumvi ya visima bila ya kuwatoza wakulima, na itie somo hili katika karakana za skuli na vyuo.

Halafu vinu hivyo vitatu viachwe vifanye kazi kusi moja na kaskazi moja. Kila siku iandikwe daftarini: maji kiasi gani, upepo namna gani, kilichovunjika ni nini, kilitengenezwa kwa shilingi ngapi na nani. Mwaka ukitimia daftari lisomwe mbele ya wanachama. Likisema kinu hakifai, tutakubali. Likisema kinafaa, hakuna wa kutuzuia tusiongeze cha nne mpaka cha mia nne.

Tumezoea kufikiri kwamba uhuru ni bendera na wimbo. Bendera ni jambo kubwa na imegharimu. Lakini nchi ambayo kitoweo chake kinangoja meli, na maji yake yanangoja waya, bado ina deni kwa bendera hiyo. Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Hulipwa na fundi anayechonga, na mama anayeshona tanga, na kijana anayesimamisha mnara, na mkulima anayeamka usiku kukunja matanga upepo ulipozidi.

Kusi itakuja kama ilivyokuja kwa mababu zetu, na haitatungoja. Atakayekuwa tayari ameinua mlingoti wake itamfanyia kazi bila ya ujira. Atakayekuwa bado anaandika barua za kuomba itampita, ikaenda Paje kuwachezesha wageni.